Mto Unywe Kwanza

Nilizaliwa na kulelewa Myanga, katika Kaunti ya Bungoma, upande wa nchi unaoelekea mpaka wa Uganda. Kwetu si mlimani. Lakini asubuhi isiyo na ukungu, mtu akisimama uani na kuelekeza uso wake kaskazini, huuona Mlima Elgon, ambao wazee wetu huuita Masaba, umejinyosha mbali kama ng'ombe aliyelala. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda, na kimo chake ni mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Mito mingi ya nchi yetu ni watoto wa mlima huo. Kuywa hushuka na kuingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria. Malakisi na Lwakhakha hukutana, hugeuka kuwa Malaba, na kupitia Uganda kuelekea Ziwa Kyoga. Njia ni mbili, lakini mwisho wake ni mmoja, kwa kuwa maji yote hayo huishia katika mto Nile.

Nilipokuwa mtoto sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mwezi wa Januari kijito chetu hukonda, na kwamba mama hurudi na ndoo nusu huku akisema, "Walio juu wamekunywa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi niliwawazia hao walio juu kuwa ni watu wachoyo sana, wenye matumbo makubwa, wasiokumbuka kwamba chini yao wako watu. Sikudhani kwamba siku moja nitakuwa mmoja wao.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja iliyoko kwenye miteremko ya mlima. Nilifundisha hesabu na sayansi. Kila asubuhi wanafunzi walikuja na vitabu mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, maana shule haikuwa na maji, na kijito kilikuwa katika bonde lenye kina kirefu chini ya shule. Wasichana wadogo walifika darasani wamelowa, na baadhi yao walisinzia kabla ya saa nne. Wazazi waliunda kamati ya maji, wakachanga fedha, wakaazimia kuyakinga maji ya kijito mahali palipoinuka kuliko shule, ili yashuke kwa bomba yenyewe bila mashine. Kisha wakanijia. Mzee mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Tupimie maji." Nami sikukataa. Kijana aliyetoka chuoni juzi ni vigumu kukiri kwamba liko jambo asilolijua.

Hapa sina budi kueleza kitu kinachoitwa banio. Banio ni mahali ambapo maji ya mto hubanwa kidogo yakainuka, ili sehemu yake iingie katika mfereji au bomba. Ukilitazama ni kitu kidogo: ukuta mfupi, tundu, chujio na koki moja au mbili. Lakini mradi mzima huning'inia hapo kama nguo kwenye msumari. Bomba laweza kuwa refu na matangi makubwa, lakini banio likiharibika watu hufungua koki zao wakasikia upepo tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la wakati. Nilipima kijito mwezi wa Agosti, katika likizo, kwa sababu ndipo nilipokuwa na nafasi. Nilichagua mahali kilipopita moja kwa moja, nikapima upana, nikapata sentimita 80. Nikapima kina, nikapata wastani wa sentimita 15. Nikatupa kipande cha mti majini nikakitazama kikienda mita 6 kwa sekunde 24. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua mawe ya chini, nilipunguza hesabu yangu kwa sehemu moja katika tano. Jibu likawa lita 24 kwa sekunde. Hesabu ilikuwa sahihi. Wanafunzi wangu waliirudia ubaoni, wakapata jibu lile lile. Basi tukanunua bomba la kubeba lita 3 kwa sekunde, tukaambiana kwamba tunachukua sehemu moja tu katika nane, na mto hautajua.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Tulijenga ukuta wa kufika kifuani, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mawe na saruji. Bomba tuliliweka chini kabisa, karibu na kitako cha mto, ili lisikose maji kamwe. Hatukuacha pengo lolote ukutani, kwa kuwa tuliamini maji yatakayozidi yatafurika juu yake. Mwezi wa Novemba maji yalifika shuleni. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nilishikwa mkono na watu wengi. Usiku ule nililala kama mtu aliyelipa deni.

Mvua ikakatika mwezi wa Desemba. Januari ikapita kavu. Siku moja ya Februari, nikiwa darasani, niliona kikongwe amesimama nje ya mlango, na nyuma yake wanaume watatu. Walikuwa wamepanda kwa miguu kutoka vijiji vya bondeni. Nilimwamkia na kumwita kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwetu, naye alishangaa kusikia kwamba mimi ni Mbukusu kama yeye.

"Mwana wangu," akasema, "mto umekwenda wapi?"

Nilitoka nao mpaka kwenye ukuta wetu. Nyuma yake palikuwa na kidimbwi kidogo, na bomba lilikuwa likinyonya kwa sauti ya mtu anayemaliza uji. Mbele ya ukuta palikuwa na mawe makavu. Mmoja wa wale wanaume alisema kwamba ng'ombe wao sasa hutembezwa mbali kutafuta maji. Mwingine akauliza vijana watakaopashwa tohara mwaka huo watapakwa tope la mto gani, ikiwa mto umebaki vumbi. Nikatuma debe la lita 20 liletwe, nikakinga maji yote yaliyoingia kidimbwini. Lilijaa kwa sekunde 8. Kijito kizima kilikuwa lita 2 na nusu kwa sekunde, na bomba letu lilikuwa na uwezo wa 3. Yaani tulikuwa tumeunywa mto wote, na tulikuwa tungali na kiu.

Kukhu hakunitukana. Alikaa juu ya jiwe akavuta pumzi, kisha akasema, "Basi ninyi walio juu mmekunywa." Maneno ya mama yangu yalinirudia kutoka kinywa kingine, na safari hii yalinihusu mimi.

Adhabu iliyobaki ililetwa na mto wenyewe. Mwezi wa Aprili mvua kubwa zilinyesha usiku tatu mfululizo. Wanasayansi husema kwamba mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisukuma huongezeka mara 64. Basi mtu asishangae kwamba kijito anachokiruka kwa mguu mmoja mwezi wa Februari hubingirisha majabali mwezi wa Aprili. Ukuta wetu haukuvunjika. Ulisimama imara, na hilo ndilo lililotuponza. Mchanga na kokoto vilijaa nyuma yake hadi juu, bomba likazikwa. Mto ulipoona njia imezibwa, ulizunguka mwisho wa ukuta, ukaula ukingo, ukachukua migomba kumi na mbili ya jirani yetu. Asubuhi tuliukuta ukuta umesimama peke yake mahali pakavu, na mto unapita kando yake kama mtu anayempita mlevi njiani.

Kamati ilimtafuta fundi mzee aliyejenga mabanio mengi mlimani. Alitazama kazi yetu kwa kitambo, kisha akaniuliza maswali matatu. Mlipima mwezi gani? Nikamwambia. Mchanga mliupa mlango gani wa kutokea? Nikanyamaza. Na mto mliuachia kiasi gani? Nikazidi kunyamaza. Akasema, "Mwalimu, banio halipimwi kwa maji linayochukua. Hupimwa kwa yale linayoyaacha yapite." Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na sijapata kuweka somo zito katika maneno machache kama hayo.

Katika likizo iliyofuata nilipitia Kitale, nikavuka milima ya Cherangany, nikateremka upande wa bonde la Kerio, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za mifereji ya Wamarakwet. Watu hao kwa karne kadhaa wameyakinga maji ya mito itokayo milimani na kuyashusha katika mashamba yao yaliyo bondeni, pengine wakiupitisha mfereji ubavuni mwa jabali juu ya magogo. Nilitazamia kuona kuta kubwa. Lakini mabanio yao ya asili ni magogo, matawi, mawe na majani yaliyoshindiliwa. Sehemu ya maji huingia katika mfereji, na sehemu nyingine hupenya na kwenda zake. Gharika ikija huyachukua matawi, mto ukapita pasipo kugombana na mtu; maji yakipungua wanaume wa ukoo hukutana wakalitengeneza tena. Zamani ningeliita kazi duni. Nilipokwisha kuuona ukuta wangu umesimama mahali pakavu, nilifahamu kwamba ni kazi ya watu wanaoujua mto.

Wachaga wa Kilimanjaro nao wana mifereji ya namna hiyo, waiitayo mifongo, na pia vidimbwi vya kutunzia maji viitwavyo nduwa. Maji ya usiku hukusanywa humo, mchana yakafunguliwa mashambani. Na mbali huko Ulaya, katika nchi ya Tyrol kwenye milima ya Alps, yako mabanio yasiyosimamisha ukuta mrefu kabisa. Vyuma hupangwa kama ngazi juu ya kizingiti kifupi kinachovuka mto, vikaelekezwa mkondo unakokwenda. Maji hudondoka katikati ya vyuma na kuingia mtaroni chini yake, ilhali mawe na majani hubingirika juu na kuendelea na safari. Watu hawa watatu hawakufundishana, lakini mlima uliwafundisha neno moja: chukua sehemu, na kilichobaki kipishe.

Tulijenga upya mwaka uliofuata, na fundi yule alituongoza. Tulipanda juu kidogo, mahali mto ulipokuwa umelala juu ya mwamba, ili maji yasipate udongo wa kuchimba. Tulichagua ukingo wa nje wa kona, kwa sababu katika kona maji ya juu yaliyo safi husukumwa nje, na mchanga wa chini huburutwa kuelekea ndani. Ukuta ulifika magotini tu. Chini yake tuliweka bomba nene lenye koki. Mvua zikinyesha koki hufunguliwa, na mchanga hutoka kwa nguvu za mto wenyewe. Mdomo wa kuingizia maji tuliuweka ubavuni, si mbele, tukauwekea chujio la vyuma. Baada ya hapo tulijenga tangi la kutulizia maji, pana na refu, ambamo maji hutembea polepole hata mchanga uliopenya unashuka chini. Na yanayozidi humo hurudishwa mtoni.

Hayo yote yalikubaliwa bila neno. Ugomvi ulizuka juu ya pengo. Fundi alitaka ukutani pawe na pengo la umbo la herufi V, na kitako cha pengo hilo kiwe chini kuliko mdomo wa bomba kwa sentimita 7. Maana yake ni kwamba maji yakiwa machache hupita kwanza katika pengo na kwenda kwa watu wa bondeni. Mpaka yafike takriban lita 2 kwa sekunde ndipo huinuka kiasi cha kuufikia mdomo wa bomba. Kwa maneno mengine, katika kiangazi kikali mto hunywa kwanza, na sisi tuliochanga fedha hunywa baadaye.

Mzee mmoja alisimama akasema, "Fedha ni zetu, mawe tumebeba sisi, na mto unapita mlangoni kwetu. Kwa nini wa kwanza kuona kiu tuwe sisi?" Wengi walimwitikia. Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu wanne katika darasa langu. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 hutaja akiba ya mto, yaani kiasi ambacho sharti kibaki kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa viumbe wa majini, na fundi alilitaja jambo hilo. Lakini sheria iliyo mbali haishindi kiu iliyo karibu. Nikaomba ruhusa ya kusema.

Niliwaambia habari za Myanga. Niliwaeleza jinsi mama alivyorudi na ndoo nusu, na maneno aliyokuwa akiyasema. Kisha nikageukia ubao. Watu wetu na shule walikuwa kama 1,500. Kila mtu akitumia lita 25 kwa siku, jumla ni lita 37,500. Nusu lita tu kwa sekunde hutoa lita 43,200 kwa usiku na mchana. Tulikuwa tumenunua bomba la lita 3, ilhali mahitaji yetu hayakufika hata nusu lita. Tofauti yake ilitokana na jambo moja, kwamba tulitaka maji yote wakati wa mchana, na usiku tukayaacha yamwagike bure karibu na koki zetu. Tukijenga tangi la lita 20,000, nusu lita ile itakusanya lita 18,000 kwa saa kumi za usiku tukiwa tumelala, na asubuhi watoto watazikuta. Hapo niliyakumbuka yale madimbwi ya Wachaga.

Yule mzee alitazama ubao kwa muda mrefu. Akauliza, "Na mwaka wa njaa, mwalimu, hesabu hii itasimama?" Nikamjibu kwamba haitasimama, mwaka kama huo tutapungukiwa. Nilijua jibu hilo laweza kuniangusha, lakini nilikuwa nimekwisha kuwadanganya mara moja kwa hesabu ya Agosti, ijapokuwa sikukusudia. Akakaa. Pengo likapitishwa kwa kura, na kura zilizolipinga hazikuwa chache.

Mwaka wa pili jaribio lilikuja. Mwezi wa Februari debe lilijaa kwa sekunde 9, na bomba likapata chini ya nusu ya kawaida yake. Kwa siku kumi na moja tulifunga koki za nyumbani, tukaacha ya shule peke yake, na wanafunzi wakashika tena vidumu. Wazazi wengine walipita bila kuniamkia. Jioni moja niliteremka kufuata kijito. Kilikuwa chembamba, lakini kilikuwa kikitembea. Nilimkuta kukhu ameketi ukingoni, na ndama wake anakunywa. Alinitambua. Hakusema neno la shukrani, na halikupasa kusemwa, kwa maana hakupewa kitu. Aliachiwa kilicho chake. Alinisogezea kata ya maji tu, akasema, "Kunywa, mwana wangu. Umetembea."

Ninyi mnaosoma maneno haya, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, mtapima mito kwa vyombo bora kuliko kipande changu cha mti. Pimeni mwezi wa Februari. Upeni mchanga mlango. Na kabla hamjaweka mdomo wa bomba, shukeni kwanza kando ya mto, mwaone wanaoishi chini, na muwaulize majina yao. Mimi ningalishuka kabla ya kujenga, migomba kumi na miwili ya jirani ingalikuwapo hata leo, na kikongwe asingalipanda mlima katika jua la Februari kuutafuta mto wake.